Dari ya Bi Indu

Shee Bunu alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajakaa, kabla hajapokea hata glasi ya maji, lazima ainue uso atazame dari. Rafiki yake Jaffar, mtu wa Mombasa aliyempa godoro la kwanza kule Hounslow, London, alimwambia siku moja, "Wewe, siku utakayozikwa, utaanza kwa kukagua mwanandani wa kaburi." Shee hakucheka. Alisema kona ya chumba kile imepigwa plasta na mtu mvivu, na mvivu huyo alikuwa na haraka ya kwenda kula. Jaffar akatazama juu, akaona ni kweli.

Alikuwa fundi wa chokaa, mwana wa fundi wa chokaa, Mwamu wa Lamu hasa. Na ninaposema fundi, sisemi hawa wanaonunua ua la plastiki dukani, wakaligandisha kwa gundi, kisha wakajipiga kifua. La hasha! Shee alichonga. Alipiga chokaa mbichi ukutani, akaingojea ikaze kidogo, kisha akaingia nayo kwa kisu na kwa kidole gumba, upesi, maana chokaa haimsubiri mtu. Baba yake alimfundisha sharti moja kwa kipigo: usirudie. Jani la pili lisiwe jani la kwanza. Mtoto akichonga majani mawili yanayofanana kabisa, mzee anayakwangua yote mawili, na vidole vya mtoto vinakiona cha moto. Kwao kurudia ilikuwa aibu.

Mwaka 1996 alikuja London na wenzake watatu kuonyesha kazi hiyo kwenye maonyesho. Visa ilikuwa ya miezi mitatu. Nyumbani alimwacha mkewe, Nasim, ambaye alikuwa amemwoa mwaka na nusu tu. Maonyesho yakaisha, wenzake wakafungasha, yeye akabaki. Mwaka mmoja tu, alijiambia, nitarudi nikiwa na kitu mkononi. Ebo! Ni nani aliyebaki asiseme hivyo? Visa ikafa. Mwaka mmoja ukawa miwili. Aliosha masufuria, akafagia ofisi za watu, akapaka rangi kuta za watu, na kila akiona askari barabarani alivuka upande wa pili.

Akamjua Bi Indu mwaka 1999. Alikuwa amepelekwa Stanmore kupaka rangi nyumba ya dada yake Bi Indu, akaona kona ya dari imemomonyoka, akashindwa kuvumilia. Akaitengeneza bila kuombwa. Bi Indu, aliyekaa jirani hapo Stanmore, alipokuja kunywa chai kwa dada yake, aliinua uso, akaweka kikombe chini. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mama wa makamo aliyefiwa na mume, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka, hakina foleni.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi, Bi."

"Wewe ni mtu ya wapi?"

"Lamu."

"Basi," akasema Bi Indu. "Kesho unakuja kuona nyumba yangu."

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa nyuma ya Edgware Road, mwendo wa dakika chache kutoka kwenye mikahawa ya Waarabu. Ilijengwa mwaka 1887, zama za Malkia Viktoria, kwa matofali mekundu, kwa amri ya tajiri mmoja wa mishumaa. Bi Indu aliinunua ikiwa gofu, akikusudia kuifanya hoteli ndogo. Kila alichokuwa nacho alikitia humo. Aliponunua hakujua, au alijua akajifanya hajui, kwamba nyumba ile ilikuwa kwenye orodha ya majengo ya hifadhi. Maana yake ni kwamba huwezi kupiga hata msumari bila ruhusa ya halmashauri. Dirisha likivunjika, la badala liwe vilevile. Kitasa kikipotea, atafutwe mwenzake. Nyumba ni yako lakini mwenyewe si wewe.

Shee siku ile ya kwanza alizunguka humo mdomo wazi. Huyo tajiri wa mishumaa alikuwa na jambo moja kichwani: wanaokaa wasionane na wanaotumikia. Kwa hiyo alijenga nyumba mbili ndani ya moja. Kulikuwa na ngazi kubwa ya mbele, pana, vidato vifupi visivyochosha magoti, mkono wake wa mbao nyekundu uliong'aa, na dirisha la vioo vya rangi likimwaga mwanga juu yake. Na nyuma ya ukuta wa ngazi hiyo, bega kwa bega nayo, kulikuwa na ngazi ya watumishi: nyembamba, kali, haina dirisha hata moja, imeanzia jikoni chini ya ardhi ikapanda mpaka chini ya paa. Kila ghorofa ngazi hiyo ilikuwa na mlango uliofichwa. Ukiwa sebuleni huoni mlango, unaona ukuta na mbao zake za mapambo. Mjakazi alitokea ukutani na trei, akarudi ukutani.

Hata dari zilipangwa kwa cheo. Ya sebule kuu, ghorofa ya kwanza, iko juu mno. Panda ghorofa moja, inashuka. Panda nyingine, inashuka tena. Ukifika chumba cha mwisho, walikolala wajakazi, unaingia umeinama kama unayetafuta kitu sakafuni. Huko ndiko Bi Indu alikompa Shee kitanda.

"Bima inataka mtu alale ndani," alisema. "Na wewe unataka mahali. Tumesaidiana, sivyo?"

Kisha akatoa masharti, polepole, mama wa watu, kwa upole kabisa. Ngazi ya mbele isikanyagwe, kuna vigae na mbao za kulinda. Fundi atumie ya nyuma. Kwenye madirisha ya upande wa barabara asisimame, majirani wana macho. Kengele ikilia asifungue. "Kwa faida yako, fundi. Wewe unajua hali yako."

Alijua hali yake. Akakubali. Na ndivyo mtu mzima, mwenye mke na jina lake, alivyoingia ndani ya ukuta mwaka 1999 akakaa humo.

Ubaya wa Bi Indu ni kwamba hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya, Shee angemkimbia. Alimletea chapati na dengu kila Jumatatu, akampa koti la marehemu mumewe, akamuuliza habari za nyumbani na kusikiliza majibu. Ahadi yake ilikuwa moja na hakuibadilisha: dari ya sebule kuu ikikubaliwa na halmashauri, hoteli itapata ruhusa, na wakili wake atamwombea Shee kibali cha kazi. Ukiwa na kibali unakwenda Lamu na kurudi. Ukiwa na kibali unamleta mkeo. Shee alilala na ahadi hiyo na kuamka nayo. Alitengeneza kwanza jikoni, kisha vyumba vya juu, kisha milango, maana halmashauri ilijibu barua kwa mwendo wa kobe, na ruhusa ya kugusa dari yenyewe haikupatikana mpaka mwisho wa mwaka 2002. Alitoka Ijumaa tu, kwenda msikitini, na baada ya swala alipita duka la simu Edgware Road akazungumza na Nasim dakika kumi. Siku nyingine hata Bi Indu akiwa kwake Stanmore, nyumba tupu, hakuna wa kumwona, alijikuta anashuka kwa ngazi ya nyuma gizani, mkono ukutani. Jambo hilo lilimtia hofu. Hakuna aliyemzuia, na bado miguu yake haikwenda mbele.

Januari 2003 ikaja barua ya Nasim, kwa anwani ya Jaffar. Shee aliisoma amesimama ndani ya basi, akapitiliza kituo chake.

"Mume wangu," aliandika Nasim, "sina ugomvi nawe na sijasikia baya lako. Lakini nimetimiza miaka thelathini na mbili. Wenzangu wana watoto wanaokwenda shule, mimi nalea wa dada zangu. Umeniambia mwaka huu, umeniambia mwaka ujao, nimechoka kuhesabu. Nimekwenda kwa kadhi. Amenipa siku, Alhamisi tarehe ishirini na nne Aprili. Ukifika kabla ya siku hiyo, mimi ni mkeo na nitaifuta kesi kwa mikono yangu. Usipofika nitaomba anifungue. Usinikasirikie."

Alimwonyesha Jaffar. Jaffar alisoma, akakuna kichwa, akakosa utani.

"Nenda nyumbani," akasema mwishowe.

"Mikono mitupu? Baada ya miaka sita na nusu? Nikitoka sirudi tena, Jaffar, na kule hakuna anayechongesha tena."

"Basi imalize hiyo dari, haraka!"

Alimwuliza Bi Indu. Bi Indu alipiga hesabu kwa vidole: mkaguzi Machi, wakili wiki tatu, nne. "Kabla ya hiyo tarehe wewe uko Lamu," akasema, na aliamini anachosema. Kwa hiyo kila kitu kikaning'inia kwenye dari. Ikipita, Shee ana mke. Isipopita, hana.

Theluthi nzima ya dari hiyo ilikuwa imeanguka miaka mingi kabla, bomba la juu lilipopasuka. Iliyobaki ilikuwa imejaa majani na matunda ya mizabibu, yamefura kwa tabaka juu ya tabaka za rangi. Ruhusa ya halmashauri ilieleza la kufanya, neno kwa neno: chukua kalibu ya jani la zamani lililo zima, mimina majani mapya ndani yake, bandika, yafanane na ya zamani. Bi Indu aliiandikia halmashauri kwamba kazi itafanywa na kampuni. Kampuni ilikuwa Shee na ndoo mbili.

Alijaribu, maskini. Alitengeneza kalibu, akamimina majani arobaini, akayapandisha juu ya kiunzi cha mbao, akayabandika, akalala chali kuyatazama. Yalimkirihi. Yalikuwa safi, sawasawa, hayana makosa, na karibu na ya zamani yalionekana yamekufa. Akajiuliza kwa nini. Akachukua kisu na maji ya moto, akaanza kuvua rangi kwenye jani moja la zamani. Alivua tabaka tisa. Akavua jani la pili. Akavua la tatu, na hapo akaketi juu ya ubao.

Hayakufanana. Hakuna jani lililofanana na jirani yake. Moja limekunjika ncha, jingine limepinda shingo, na kwenye shina la kila moja kulikuwa na alama ya kidole gumba cha mtu. Yaliyoonekana yametoka kwenye kalibu moja yalikuwa yamechongwa kwa mkono, hapo hapo darini, chokaa ikiwa mbichi. Wazungu wenyewe hawakujua, kwa kuwa rangi iliwafichia, na kwenye daftari zao waliandika kalibu. Shee aliweka kidole gumba chake kwenye alama ile. Ilikuwa ndogo kidogo kuliko chake.

Sasa hapa ndipo mtu mwenye akili za kawaida angeshuka ngazi, akapiga simu, akasema, "Bi Indu, kuna jambo." Shee hakusema. Nani angemsikiliza? Angeitwa nani, kampuni gani? Aliyabandua majani yake arobaini, akayavunja, na kwa wiki sita alichonga theluthi nzima kwa mkono, jani kwa jani, asirudie hata moja, kama alivyofundishwa. Alikuwa na furaha wiki hizo. Naona aibu kwa niaba yake kusema hivyo, mkewe akiwa na tarehe ya kadhi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mkaguzi wa halmashauri alikuja Jumatano moja ya Machi, asubuhi. Bi Indu alifika mapema, amevaa sari ya heshima chini ya koti.

"Fundi, wewe ngazi ya nyuma. Kimya kabisa. Hata ukitaka kukohoa, usikohoe."

Shee akaingia ukutani, akavuta mlango wa kificho, akasimama gizani kwenye kidato, sikio kwenye mbao. Alisikia hatua za watu wawili. Alisikia kiunzi kikilia. Huyo afisa alikuwa anapanda.

"Bibi," ikasema sauti ya Kiingereza, sauti ya mtu mzima, ya adabu na ya baridi, "hii haijamiminwa."

"Imefanywa vizuri sana," akasema Bi Indu.

"Sijakataa. Lakini nimepima majani manane na yote yanatofautiana. Ruhusa inasema kalibu. Mtu aliyefanya hivi amejibunia. Ni kampuni gani?"

Bi Indu akataja jina, la kutunga. Afisa akauliza namba ya simu. Bi Indu akasema hana hapa, iko Stanmore. Afisa akauliza jina la fundi mwenyewe. Bi Indu hakulitaja.

"Basi sina njia," akasema afisa. "Nitaandika ishushwe yote. Mtaanza upya, na maombi mapya. Miezi minane, labda tisa."

Miezi minane! Shee alihesabu bila kutaka. Akaona Alhamisi ile imempita, akaona majani yake chini sakafuni yamekuwa vifusi, na hasira ilimpanda, hasira ya kitu kimoja tu kwa kweli: *amejibunia*. Aliambiwa amejibunia! Akasukuma mlango.

Afisa nusura aanguke kwenye kiunzi. Fikiria mwenyewe: ukuta unafunguka, anatokea mtu mweusi mrefu, amejaa chokaa mpaka kope.

"Sikujibunia," akasema Shee kwa Kiingereza chake. "Yule fundi wa kwanza ndiye hakutumia kalibu. Teremka nikuonyeshe. Hapana, kaa huko huko, nakuja."

"Fundi!" akapiga kelele Bi Indu kwa Kiswahili. "Umekuwa wazimu? Rudi ndani!"

Hakurudi. Alipanda, akamlaza yule mzee Mwingereza chali kwenye mbao kando yake, akamshika mkono, akampeleka kidole kwenye jani la zamani alilolivua rangi. "Shika hapa. Sasa hapa. Hiki ni kidole cha mtu. Sasa njoo kwenye langu." Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akapapasa jani la zamani, akapapasa jipya, akarudia, na ile sauti ya baridi ikawa sauti ya mtoto aliyepewa zawadi.

"Miaka ishirini na mbili nakagua nyumba," akasema. "Nimepita chini ya dari hii mara tano." Kisha akachomoa kalamu. "Jina lako nani, bwana?"

Chini, Bi Indu alikuwa ameshika kifua. Shee alimwona. Alijua pia kinachotokea jina likiandikwa kwenye karatasi ya serikali. Lakini alikuwa hajaulizwa swali hilo na mtu yeyote, kwa ajili ya kazi, tangu maonyesho yale ya mwaka 1996.

"Shee Bunu," akasema, akamtajia herufi moja moja.

Siku tatu hakulala, akingoja askari. Hawakuja. Badala yake, wiki ya kwanza ya Aprili, ikaja barua, na Bi Indu alikuja nayo kutoka Stanmore akikimbia, akapanda kwa ngazi ya mbele akimwita kwa sauti. Dari imekubaliwa. Nyumba imepandishwa daraja; watu wa vyuo wataka kuja kupiga picha. "Fundi yangu!" Bi Indu alimshika mikono yote miwili. "Umeniokoa, wewe!"

"Na kibali?"

"Wakili amesoma. Anasema barua hii ni dhahabu. Serikali yenyewe imekutaja kwa jina! Hawezi mtu kukukatalia."

Shee akamshukuru Mungu kwa sauti. Akauliza, basi anaweza kukata tikiti ya wiki ijayo?

Bi Indu akaachia mikono yake. Akakaa kwenye kidato cha ngazi, sari na yote, akafungua ukurasa wa pili. Kulikuwa na sharti. Ukumbi wa ngazi, chumba cha kulia na chumba kikubwa cha kulala, vyote vilikuwa na nakshi za mkono ule ule wa zamani chini ya rangi. Ni lazima vivuliwe na kutengenezwa. *Kazi yote ifanywe na fundi Shee Bunu mwenyewe, na si mwingine yeyote.* Akisimama yeye, inasimama nyumba, na hoteli haifunguliwi. Na wakili alikuwa na lake. Ombi la kibali limesimama juu ya sharti hilo. Litachukua mwaka na nusu, pengine miwili, na mwombaji akitoka Uingereza hata kwa siku moja, ombi limekufa na mlango umefungwa.

"Wewe ulisema wiki tatu," akasema Shee.

"Mimi nilifikiri wiki tatu. Haki ya Mungu, fundi. Kama ungebaki ndani ya ukuta, mimi ningesema ni kampuni..." Hakumaliza. Wote wawili walijua kwamba angebaki ndani ya ukuta, dari ingeshushwa. "Ukienda sasa mimi nimekwisha," akasema Bi Indu, machozi yamemlenga. "Na wewe pia. Siwezi kukufunga kamba. Lakini nakuomba."

Shee alishuka mpaka sebuleni, akalala sakafuni chali, akatazama juu. Alikuwa na jina sasa. Lilikuwa limeandikwa, limepigwa muhuri, na lilimkaba kuliko alipokuwa hana. Aende? Atafika Lamu kabla ya Alhamisi, atamkuta Nasim, na watakaa juu ya mkeka mmoja wakimtazama mwanamume wa miaka arobaini asiye na kazi, aliyeivunja nyumba ya mjane na kujifungia mlango wa dunia. Abaki? Nasim atakuwa na thelathini na nne karatasi zikitoka. Kama zitatoka. Aliligeuza jambo hilo siku nane nzima, na kila upande aliogeuza alikuta ukuta, na ukuta huu haukuwa na mlango wa kificho.

Ijumaa, siku sita kabla ya tarehe ya kadhi, alikwenda msikitini, na alipotoka Jaffar alikuwa anamngoja. Shee alimwambia alilokata shauri kulifanya. Jaffar alimshika bega.

"Umeingiwa na nini? Mwache aende kwa kadhi, yaishe huko."

"Unajua wanamuuliza nini huko? Mbele ya karani na mashahidi? Mumeo mara ya mwisho alikulisha lini. Alikuvisha lini. Alilala kwako lini. Atasimama ayajibu hayo, naye hakufanya kosa lolote."

Jaffar akamwachia. Waliingia duka la simu pamoja, Jaffar akasimama nje ya kibanda. Simu iliita dukani kwa kaka yake Nasim, mtoto akatumwa kumwita, na Shee alisikiliza nyayo zikija.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Dari imepita, Nasim."

"Alhamdulillahi." Akangoja. "Unakuja?"

Akamwambia yote, hakuficha, hata lile la kufurahi wiki zile sita. Nasim alisikiliza bila kumkata.

"Miaka miwili," akasema mwishowe. Ilikuwa kama anaipima uzito.

"Alhamisi usiende kwa kadhi."

"Nisiende vipi, Shee? Nimeshakwambia, siwezi tena."

"Usiende, hakuna haja. Sitaki wakuulize maswali." Alishika ukuta wa kibanda. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima na sasa yalimtoka yote mara moja, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamvunja. "Nimekuacha, Nasim. Talaka moja. Nitaiandika leo, Jaffar atatia sahihi yake, utaipata wiki ijayo. Ukimaliza eda uko huru. Uolewe. Uzae."

Kule ng'ambo kulikuwa na kelele za duka, mtu akiuliza bei ya sukari.

"Moja?" akauliza Nasim.

"Moja." Alijua anachouliza. Kwa talaka moja, mume akirudi ndani ya eda, ndani ya miezi ile mitatu, anamrejea mkewe bila ndoa mpya. Alijua hatarudi ndani ya miezi mitatu, na yeye Nasim alijua. Lakini kusema tatu, zisizo na marejeo, ulimi wake ulikataa.

Nasim aliliacha swali hilo.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula," akasema Shee, ambaye tangu juzi usiku alikuwa hajatia kitu tumboni.

"Mwongo," akasema Nasim, na hapo akaanza kulia.